Upanga wa Asili na Upanga wa Kisasa: Ubora Uko Wapi?

Nchini Japani, mtu akikuta upanga darini kwa marehemu babu yake, anatakiwa kwanza atoe taarifa polisi, kisha upanga ufike mbele ya wakaguzi. Wakiridhika kwamba ulifuliwa kwa mkono kwa mbinu za jadi, unaandikishwa kama kazi ya sanaa na familia inaendelea kukaa nao. Wakigundua kuwa ni miongoni mwa panga za kiwandani walizopewa maofisa wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hauandikishwi, na hauruhusiwi kubaki nyumbani. Katika ukaguzi wote huo hakuna anayeujaribu upanga kwa kuukatia kitu.

Sheria inayosimamia mambo hayo ilipitishwa mwaka 1958, na imelijibu kwa namna yake swali ambalo wapenzi wa silaha za kale hawajaacha kulibishania: upanga wa asili na upanga wa kisasa, upi bora? Jibu la sheria ni kwamba kinachohesabiwa ni njia. Lakini mtu aliyesomea metali hujibu vingine. Kwake, chuma cha pua kinachotoka kiwandani leo ni kisafi na kinatabirika kuliko chochote alichowahi kukishika mhunzi wa karne ya 13. Wote wawili wako sahihi, na ndiyo maana mabishano hayaishi.

Msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya mbinu tunazozienzi kama za asili zilibuniwa kutibu chuma kibovu. Chuma kilipopona, dawa ikageuka pambo. Kazi ambayo haikurahisishwa na kiwanda chochote ni ya moto: kujua lini upanga umeiva, uchovywe ndani ya nini, na urudishwe vipi kwenye joto baada ya hapo. Mhunzi wa zamani na wa sasa wanapimwa hapo, na upanga mwingi mbaya unaouzwa leo umeharibikia hapo.

Tuanze na ubovu wenyewe. Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tanuri la udongo linalochochewa kwa mkaa na mivukuto hufanya kazi kwenye joto lililo chini ya hapo, na kwa sehemu kubwa ya historia wahunzi wengi duniani hawakukiona chuma kikiwa maji. Walichopata ni pumba: donge zito lenye matundu, vipande vya mkaa na mavi ya chuma yaliyonasa ndani. Tena donge hilo halikuwa kitu kimoja. Upande huu ungekuta chuma laini kama msumari, upande ule kigumu cha kupasuka kama chungu. Tofauti hiyo huletwa na kaboni inayoingia kutoka kwenye mkaa. Ikiwa chini ya asilimia 0.2 hivi, chuma hakishiki matiko ya maana hata ukichovye mara ngapi. Kwenye asilimia 0.6 hadi 0.8 kinafaa sana kwa makali. Ikipita asilimia 1, ugumu unakuja pamoja na wepesi wa kuvunjika, na mhunzi asiyekijua kitu hicho atakipasua kwa nyundo yake mwenyewe.

Japani ndiko mahali ambapo tunaweza bado kuitazama kazi hiyo ikifanywa. Huko Okuizumo, katika mkoa wa Shimane, chama kinachohifadhi sanaa ya panga za Kijapani kilifufua mwaka 1977 tanuri la jadi linaloitwa tatara. Malighafi yake ni mchanga mweusi wenye chuma. Kwa siku tatu, usiku na mchana, watu hutia mchanga na mkaa kwa zamu, chini ya msimamizi ambaye husoma rangi ya ndimi za moto na sauti ya tanuri. Takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa huingia. Mwishoni tanuri lenyewe huvunjwa, maana hakuna njia nyingine ya kulitoa donge lililomo, nalo huwa na uzito wa tani 2 na nusu hivi. Katika donge hilo, sehemu nzuri inayostahili kufua upanga, yaani tamahagane, haifiki nusu.

Hapo mhunzi ndipo anaanza. Hukipiga chuma kikawa vibamba vyembamba, akavichovya majini, akavivunja na kusoma mpasuko: kinachovunjika kwa urahisi kina kaboni nyingi, kinachopinda kinayo kidogo. Huvipanga, huviunganisha kwa moto na nyundo, kisha hukunja. Kukunja huku ndiko kulikozaa hadithi nyingi. Watu husikia upanga wenye maelfu ya tabaka na kudhani nguvu imo katika idadi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ukikunja mara 10 unapata tabaka 1,024, ukikunja mara 15 unapata 32,768, na tabaka zinakuwa nyembamba kiasi kwamba kaboni inahama kutoka moja hadi nyingine mpaka inasambaa sawasawa. Ni kazi ya mpishi anayekunja na kusukuma unga wa chapati mpaka mafuta yaenee kote. Kila mkunjo pia hukamua mavi ya chuma, yakaruka kama cheche. Gharama yake ni kwamba kila safari ya motoni huunguza kaboni kidogo na kugeuza sehemu ya chuma kuwa magamba yanayodondoka chini ya fuawe. Kwa hiyo mhunzi anayekunja bila kikomo anakidhoofisha chuma chake. Hakuna bwana wa kazi hii aliyekunja mara elfu, waache watengeneza filamu waseme watakavyo.

Kisha kuna ujenzi wa upanga wenyewe. Mafundi wengi wa Kijapani walikifunga kiini laini ndani ya chuma kigumu. Sababu inayotajwa siku zote ni kwamba kiini hicho hunyonya kishindo, na hilo ni kweli. Sababu isiyotajwa sana ni uchache: chuma kizuri kilipatikana kwa shida, na hakuna mwenye akili aliyekiweka mahali ambapo chuma duni kingetosha.

Kama mafundi hao wangekuwa wanashikilia malighafi ya kwao kwa sababu ya utakatifu, wangekataa ya wageni. Hawakukataa. Mwanzoni mwa karne ya 17, Echizen Yasutsugu, aliyemfulia panga shogun Tokugawa Ieyasu, alitumia chuma kilicholetwa na meli za Wazungu, na aliona fahari kulichonga jambo hilo kwenye shina la upanga pamoja na jina lake: umefuliwa kwa chuma cha nchi za nje. Wakati huo chuma kigeni kilikuwa sifa. Wanaotuambia leo kwamba upanga wa Kijapani hauwi wa kweli bila tamahagane wanazungumzia sheria na ladha ya baada ya vita, na wana haki ya kufanya hivyo, ila wasimsingizie Yasutsugu.

Ulaya ya kaskazini ilikuwa na dawa yake kwa ugonjwa uleule. Mafundi walisokota fito za chuma laini na kigumu pamoja, wakaziunganisha kwa nyundo, wakapata mwili wenye michoro kama mawimbi, kisha wakaubandika makali ya pua pembeni. Upanga wa karne ya 7 uliofukuliwa Sutton Hoo, Uingereza, ni wa namna hiyo. Baadaye michoro ilitoweka, na katika karne ya 9 hadi ya 11 zikaenea panga zenye jina Ulfberht kwenye bapa. Zimepatikana zaidi ya mia moja na nusu. Mtaalamu wa metali Alan Williams alipozipima baadhi, aliona kwamba chache zina kaboni nyingi na usafi usio wa kawaida kwa Ulaya ya enzi hizo, huku nyingine ni chuma cha hivihivi kilichopigwa jina lilelile, wakati mwingine kwa herufi zilizokosewa. Bidhaa bandia haikuanza Kariakoo.

Chuma hicho kisafi kinatuleta kwenye Bahari ya Hindi. India ya kusini na Sri Lanka zilikuwa zimegundua njia ya kukiyeyusha chuma kabisa: vipande hufungwa ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vitu vya mmea vinavyotoa kaboni, chungu huzibwa na kuachwa motoni kwa muda mrefu. Mavi ya chuma huelea juu, na chini hubaki kidonge cha pua chenye kaboni ya asilimia 1.5 hivi. Mwanafalsafa al-Kindi, katika karne ya 9, aliandika risala nzima ya kuzipanga panga kwa ubora na asili zake. Kutokana na vidonge hivyo zilifuliwa zile panga za Dameski zenye michoro ya maji kwenye bapa.

Na pwani yetu imo katika habari hiyo. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Sisilia, anaeleza kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa. Anakisifu pia chuma cha Sofala, kilichonunuliwa na kupelekwa India ambako kilikuwa malighafi ya panga. Kwa maneno mengine, baadhi ya makali yaliyosifiwa Baghdad na Dameski huenda yalianzia kwenye tanuri la Mwafrika. Vitabu vingi vya panga za Mashariki hulipita jambo hili kwa sentensi moja, na vingine hata hiyo hamna.

Siri ya michoro ya Dameski ilipotea kati ya karne ya 18 na ya 19. Wanasayansi waliitafuta kwa hamu: Michael Faraday, kabla ya umaarufu wake katika umeme, alikichunguza chuma cha India, Pavel Anosov alijaribu kukifufua huko Zlatoust, Urusi. Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa profesa John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray wa Marekani. Walionyesha kwamba chembechembe ndogo mno za vanadiamu na elementi za aina yake, zilizokuwamo kwenye mawe fulani ya chuma, ndizo zinazosababisha chembe ngumu za kaboni zijipange kwa mistari pale chuma kinapopashwa na kufuliwa tena na tena kwa joto la wastani. Wahunzi wa kale hawakujua kuna vanadiamu. Walijua tu kwamba vidonge vya mahali fulani vinatoa mchoro. Mawe yale yalipokwisha au njia za biashara zilipobadilika, waliendelea kufanya yaleyale waliyofundishwa na baba zao, na mchoro ukagoma.

Napenda kukaa kwenye mfano huu kwa sababu unaukata ubishi pande zote mbili. Anayesema ujuzi wa jadi ni mikono tu na malighafi si kitu, ajibu kwa nini mikono ileile ilishindwa. Anayesema maabara ingegundua yote bila wahunzi, akumbuke kwamba Verhoeven alimhitaji Pendray, aliyejifunza kufua kwa kufua, ili apate upanga wa kuupima.

Mashariki mwa bara letu kulikuwa na matanuri ya kila namna. Ufipa walijenga malungu, matanuri marefu kumzidi mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa upya katika tanuri dogo. Wapare waliosha mchanga mweusi wa vijito, malighafi inayofanana na ile ya Okuizumo, na chuma chao kikapanda hadi Uchagani. Huko Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo wajenge tanuri, na mwaka 1978 wakachapisha katika jarida la Science kwamba Wahaya walikuwa wakipata pua moja kwa moja tanurini karne nyingi zilizopita, kwa kuipasha hewa moto ndani ya mirija mirefu ya udongo kabla haijaugusa mkaa. Maelezo ya hewa kupashwa yalipingwa na wenzao, na mjadala huo ni wa haki. Kwamba matanuri ya Buhaya yalitoa chuma chenye kaboni ya kutosha kushika matiko, hilo halina ubishi mkubwa.

Yote hayo yalizimika ndani ya vizazi viwili au vitatu. Majembe na chuma cha meli kutoka Ulaya viliuzwa kwa bei ambayo tanuri la mkaa halikuweza kushindana nayo. Kuyeyusha kukafa, kufua hakukufa, na wengi huchanganya mambo hayo mawili. Mhunzi aliyeacha kuyeyusha mawe alibaki na mivukuto, koleo, fuawe na ujuzi wake wa moto, akatafuta chuma kwingine. Reli ya Uganda ilipokuwa ikipita kwenye nchi ya Wanandi, maofisa wa Kiingereza walilalamika kwamba waya za simu zinageuka mapambo na boliti za reli zinageuka silaha. Waliandika wizi. Ukitazama kwa jicho la mhunzi, ilikuwa malighafi bora kuliko yote iliyowahi kufika kijijini, imelazwa chini wazi.

Leo sime ya Kimaasai hufuliwa kwa springi ya lori. Mtalii akiambiwa hivyo hununa, kana kwamba amepunjwa. Namshangaa. Chuma cha springi ni mojawapo ya vyuma vinavyofaa zaidi kwa upanga ambavyo binadamu ametengeneza. Aina inayotumika sana, ile inayojulikana kwa namba 5160 katika orodha ya Marekani, ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi pamoja na kromiamu kidogo isiyofika asilimia 1. Imekusudiwa kupinda na kurudi mamilioni ya mara chini ya mzigo wa tani kadhaa. Mafundi wa panga wa Marekani na Ulaya huinunua mpya kwa bei nzuri na kuitangaza kwenye vibao vyao. Mhunzi wa Ilkunono, ukoo wa wahunzi wa Kimaasai, anaipata kwenye vyuma chakavu, na kwa chaguo hilo amewatangulia wengi. Ana hatari moja ambayo mwenye fito mpya hana: springi iliyochoka huenda ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, zikaja kujionyesha siku ya kazi.

Visiwani na Omani hadithi ni ya namna nyingine. Panga nyingi ndefu zilizobebwa Zanzibar na Maskati katika karne ya 19 zilikuwa na mabapa kutoka Ulaya, hasa mji wa Solingen, Ujerumani, ambao umefua makali tangu zama za kati. Mpini, ala na mapambo ya fedha vilifanywa na mafundi wa huku. Hakuna aliyeona kwamba kwa sababu hiyo upanga ule si wa Kiarabu.

Sasa tufike kwenye moto wenyewe.

Upanga ukiwa umefuliwa na kupigwa tupa ni chuma laini tu. Ili ushike makali lazima upashwe hadi karibu nyuzi 800, kisha upozwe ghafla. Katika joto hilo kaboni huyeyuka ndani ya chuma. Ukipoza kwa haraka inanaswa humo, na fuwele za chuma hujikaza katika umbo ambalo wataalamu huliita matensaiti. Ni gumu sana, tena ni jepesi kuvunjika. Joto likipungua nyuzi chache, ugumu haupatikani. Likizidi, chembe za chuma hukua, na upanga huvunjika huku ukionyesha mpasuko uliokwaruzika kama sukari ya mawe. Mhunzi wa Kijapani hufunga madirisha na kufanya kazi hii gizani ili asome rangi. Mhunzi mwingine hutumia sumaku, kwa kuwa chuma hukoma kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Ukiongeza joto kidogo baada ya hapo, umefika. Mwenye tanuri la umeme huandika namba na kusubiri. Hapa usasa umesaidia kweli, na sioni haya kusema kwamba kipimajoto kinalishinda jicho la mtu wa kawaida. Jicho la bwana wa miaka 40 ni jambo jingine, lakini mabwana hao ni wachache na hawauzi bei ya chini.

Kinachofuata ndipo shule mbili zinapoachana. Mjapani hupaka udongo mzito mgongoni mwa upanga na mwembamba kwenye makali, kisha huuchovya majini. Makali hupoa mara moja na kukaza. Mgongo, ukiwa umevikwa, hupoa polepole na kubaki laini. Kwa kuwa chuma kilichokazwa hutanuka kidogo kuliko kilichobaki laini, upanga hupinda wenyewe, na ule mpindo tunaoujua hukamilikia hapo majini. Mstari kati ya sehemu mbili huonekana baada ya kusuguliwa kwa mawe, nao ndio unaotazamwa na wapenzi wa panga kama msomaji anavyotazama mwandiko. Faida ya njia hii ni makali magumu sana. Hasara yake ni kwamba ukiupinda upanga huo kupita kiasi hubaki umepinda, na makali yakipiga mfupa au chuma hubanduka kipande. Tena wakati wa kuchovya mara nyingine husikika mlio mdogo, na kazi yote ya wiki nyingi imepata ufa.

Fundi wa kisasa mwenye chuma cha springi huuchovya upanga wote ndani ya mafuta. Kromiamu imo humo kwa ajili hiyo: hukiruhusu chuma kikaze hata kikipoa taratibu zaidi, na maji yangekipasua. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, huurudisha kwenye joto dogo ili kuulegeza. Kisu cha jikoni hulegezwa kidogo sana na kuachwa kigumu. Upanga mrefu hulegezwa zaidi, ukapoteza sehemu ya ugumu, ukapata ustahimilivu: upinde, uachie, unarudi ulivyokuwa. Makali yake hayadumu kama ya Kijapani. Katika kazi ngumu, hata hivyo, ningeuchagua huo, na Wajapani wenyewe walifika karibu na uamuzi huo. Panga za jadi zilipokuwa zikivunjika katika baridi ya Manchuria, shirika la reli ya huko lilibuni upanga wake mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa kusokomeza chuma laini ndani ya bomba la chuma kigumu na kutumia mashine panapowezekana. Ulisifiwa kwa kustahimili. Ndio mmoja wa zile ambazo leo mkaguzi anaweza kuzikataa.

Nimesikia hoja kwamba kumuunga mkono mhunzi wa jadi ni kumpa mtu mshahara wa kurudia kosa lililokwisha rekebishwa. Siikubali. Mjapani anayetaka leseni lazima ajifunze chini ya bwana wake kwa angalau miaka mitano, na baada ya hapo haruhusiwi kufua zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi. Anachotengeneza ni kitu cha kutazamwa, chenye ngozi na kina ambacho chuma cha kiwandani, kwa usafi wake wote, hakina. Uchafu kidogo uliosalia na tofauti ndogo za kaboni ndizo zinazoleta sura hiyo. Kumwambia atumie 5160 ni sawa na kumwambia mchongaji wa mlango wa Lamu atumie mbao za kubandika. Kosa linakuwapo pale muuzaji anapochukua thamani hiyo ya sanaa na kuigeuza kuwa dai la nguvu: kwamba kwa kuwa umekunjwa, utakata zaidi. Kukunja chuma kisafi cha kisasa hakuongezi nguvu. Kunaongeza mchoro, na kila mshono ulioungwa vibaya ni mlango wa ufa.

Upande wa pili una ulaghai wake, tena wa hatari zaidi. Panga za mapambo zinazouzwa kwa ajili ya harusi, ukuta au maigizo mara nyingi ni za chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kina kromiamu inayozidi asilimia 10, na kinafaa sana kwa vijiko na visu vifupi. Kwenye bapa refu lililokazwa, kinavunjika kirahisi. Zaidi ya hapo, shina lililofichwa ndani ya mpini huwa fito nyembamba iliyochomelewa tu. Mtu akiuzungusha kwa nguvu kwenye ngoma, bapa linaweza kuchomoka na kuruka kwenye watu. Upanga wa namna hiyo ni wa kisasa kwa tarehe tu. Hakuna elimu ya kisasa ya metali iliyoutengeneza.

Kati ya pande hizo mbili yupo fundi wa karakana mwenye springi nzuri na tabia mbaya. Nimeona kazi za namna hiyo nyingi: umbo safi, ala ya ngozi nyekundu imeshonwa vizuri, lakini makali yana rangi ya buluu. Rangi hiyo ni ushahidi. Alipokuwa akinoa kwa mashine bila kuchovya majini kila mara, msuguano uliyapasha makali kupita kiasi na matiko yakatoka. Sime hiyo itanolewa leo na kubutuka kesho, na mteja atalaumu chuma. Baba wa fundi huyo, aliyenoa kwa tupa na jiwe lenye maji, asingeweza kulifanya kosa hilo hata kwa makusudi, kwa sababu zana zake hazikuwa na kasi ya kutosha kuleta joto hilo. Mashine imemwondolea jasho na kumpa njia mpya ya kuharibu.

Ndiyo maana naona vyuo vyetu vya ufundi vingefanya jambo la maana kama vingewafikia wahunzi hao walipo. Hawahitaji kufundishwa kufua, na hakuna haja ya kuwarudisha kwenye malungu. Wanachokosa ni vitu vidogo: sumaku, oveni ndogo ya kulegezea, namna ya kukagua nyufa kwenye springi kuukuu, na maelezo ya kwa nini chuma hiki kinataka mafuta na kile kinataka maji. Hayo yanafundishika kwa wiki chache.

Nawe unayetaka kununua upanga au sime, iwe ya kutundika, ya kucheza ngoma au ya kazi, usianze na swali la asili au kisasa, maana kila muuzaji ana jibu lake tayari. Muulize fundi chuma kilitoka wapi, alikichovya ndani ya nini, na baada ya kukichovya alikirudisha kwenye joto au la. Asipoweza kulijibu swali la tatu, rudisha pesa mfukoni.